Hesbon na Bima Zake Mbili

Arafa, weka sufuria chini usome hii.

Unajua Hesbon, bwana ya dada yangu Emmy, yule dereva wa kaunti Bungoma. Leo alikuwa apasuliwe ngiri hapa Kitale. Ameshavishwa ile gauni ya hospitali inafungwa nyuma na kamba, karani akaingia akasema, "Huyu mgonjwa ako na bima mbili za serikali."

Mbili. Ya kazi yake, na ya walimu kupitia Emmy.

Hesbon alidhani anaitiwa polisi. Juzi alisikia kwa redio ati watu wanashtakiwa kwa kuibia bima. Alishuka kitandani polepole kama mtu anaenda choo, halafu akatoka mbio.

Arafa, gauni imefunguka nyuma yote.

Na nani alikuwa anaingia kwa geti na uji? Mama yetu. Mama mkwe wake, yule hata mkono hawajawahi kusalimiana, si unajua sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Mama alijifunika leso kichwa chote akageukia ukuta.

Karani alimfikia kwa geti akihema. "Mzee, si makosa. Zote ni zako. Ya kwanza ikifika mwisho, ya pili inalipa iliyobaki."

Bana, tulipomrudisha wodi nimecheka mpaka nesi akanitoa.

Amepasuliwa, ako sawa. Alipoamka hakuuliza kidonda. Alimuuliza Emmy tu, "Mama aliona?"

Emmy akamwambia, "Aliona. Amesema ukipona upeleke mbuzi ya kuondoa hiyo aibu kwake Kamukuywa, na hiyo hakuna bima italipa."