Mada Moja Haikuhama

Pakoki wangu Simiyu,

Nimekuficha jambo tangu tulipohamishia jukwaa letu la mtandaoni kwenye seva mpya. Ile mada iliyopotea haikupotea. Niliifuta mimi, kwa mkono wangu, nikakuacha uende kaburini ukiamini kosa ni lako.

Kifua changu sasa hakinipi pumzi ya kutoka kitandani hadi mlangoni, ndiyo maana naandika kidogo kidogo. Jukwaa bado lipo. Ulipofariki, watu wetu walio ng'ambo waliandika rambirambi wiki nzima, na wengine wakauliza nani sasa atawajibu mambo ya koo zetu. Sehemu ile uliyoianzisha wewe ndiyo bado inasomwa zaidi. Kijana wa Kiminini akimpenda msichana wa Bungoma huuliza kwanza pale ukoo wa baba na ukoo wa mama, asije akaoa dada yake.

Nakumbuka siku zile za kuhama. Wenye seva ya zamani walikuwa wametupatia notisi ya kuifunga, nasi tukaifanya kazi ya kuhamisha kwenye saiba moja ya Kitale, duka la intaneti, wewe mstaafu wa posta, mimi mwalimu mstaafu. Ulitaka kila kitu kihame kama barua za watu, isibaki hata moja chini ya gunia. Ukachapisha orodha ya mada zote ili tuzihakiki zikishafika.

Katika orodha hiyo ilikuwamo mada ya mama mmoja wa Sirisia. Binti yake alikuwa ameposwa, na wazee wa kijana walikataa kuendelea mpaka waambiwe ukoo wa baba wa msichana. Baba huyo alikuwa mwalimu aliyefundisha huko muda mfupi, akahamishwa, hakurudi tena. Walimjua kwa jina la ubatizo tu. Mama hakudai matunzo, wala hakumlaumu. Aliomba yeyote anayemfahamu mwalimu huyo ataje ukoo wake, basi.

Ulipotoka kwenda kunywa chai ukaacha jukwaa wazi kwenye skrini, kabla hatujanakili, niliifuta. Ile orodha ya karatasi nikaisahau.

Siku ya kuhakiki, seva ya zamani ilikuwa imeshafungwa. Nilisoma orodha, wewe ukitazama skrini. Ulinicheka.

"Pakoki, unasoma kama unaita rejista. Watoro ni wangapi leo?"

Nilipofika kwenye mada ile ningeweza kuiruka. Lakini miaka yote ya kuita rejista, sikuwahi kuruka jina. Nikaisoma. Ukatafuta, ukatafuta tena, ukavua miwani.

"Ni mimi," ulisema. "Nilinakili vibaya. Nimepoteza barua ya mama wa watu."

Nikakwambia mashine ni mashine. Ni hayo tu niliyosema.

Uliomba radhi mbele ya wanachama wote, ukamsihi mama yule aandike upya. Hakuandika. Baadaye mtu wa Sirisia akatuarifu kwamba wazee wa kijana walichoka kungoja na posa ikavunjika. Ulilibeba hilo kama msiba wa nyumbani kwako. Hapo ndipo uliponikabidhi neno la siri la jukwaa. "Shika wewe," ulisema, "mkono wako haupotezi vitu." Nikalipokea. Pakoki, nililipokea.

Sisi pakoki, tuliotahiriwa msimu mmoja, tumeruhusiwa kutukanana mpaka mbele ya wake zetu, na hakuna wa kukasirika. Kudanganyana hatukuruhusiwa. Ningekwambia siku ile ungenitukana kutwa nzima, halafu ungevaa koti lako uende nami Sirisia. Nilijua hivyo wakati ule ule, na bado nikanyamaza. Nilizoea kuitwa mtu safi. Nilikuwa mzee wa kanisa. Sina sababu nyingine iliyo bora kuliko hizo.

Nimeomba kompyuta iletwe hapa kitandani kesho asubuhi. Nakuahidi nitaandika jukwaani kwa jina langu kamili, kwanza kwamba Simiyu hakupoteza barua ya mtu yeyote, kisha nitamjibu mama yule mahali watu wote watasoma. Najua nimechelewa. Huenda binti ameshazoea kuishi bila jibu, huenda hataki kulisikia. Nitaliandika hata hivyo.

Pumzika, ndugu yangu. Ukiniona nakuja, anza na matusi, nimeyangoja muda mrefu.

Mwalimu yule ni mimi. Msichana ni mwanangu, na ukoo wake ni wangu.