Karakana ya Mapazia Aliyoiacha Kaka

Jumapili jioni. Mawingu yamekalia milima ya Uluguru tangu asubuhi.

Hamjambo wapendwa? Huko mliko mu wazima wa afya? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sina.

Mnajua tulimzika kaka yangu Bonifasi mwezi uliopita. Mlionitumia pole, Mungu awabariki. Jana tulipanda kijijini kwetu Kinole kumaliza matanga, na huko wazee wa ukoo wakagawa mali. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na urithi wa mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Kwa hiyo karakana ya kaka, ile ya Kihonda huku mjini, wamempa Deo. Mwanangu wa kumzaa.

Nami nikanyamaza.

Jamani, karakana ile kaka hakuijenga peke yake. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilipobinafsishwa walimpunguza, akarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyekuwa na cherehani ni mkewe, Mama Neema. Enzi hizo za soko huria maofisi ya vioo yalikuwa yanachipuka mjini kama uyoga, na watu waliokaa ndani wanaiva. Ndipo wakaanza kushona mapazia yenye mgongo wa rangi ya fedha, yanayolirudisha jua lilikotoka. Walishonea barazani, majirani wakicheka: "Bonifasi anayavalisha madirisha bati!" Leo vyerehani vimejaa ukumbi mzima, na mzigo unakwenda mpaka Dodoma.

Mimi na wifi tumetaniana tangu alipoolewa. Jana mjomba wetu, mkubwa wa ukoo, alipomaliza kusema, wifi alinigeukia.

"Haya bosi, nikija kuomba kibarua utaniajiri?"

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Nilinyamaza kwa sababu Deo anakata miwa Turiani, kibarua cha msimu, na msimu ukiisha watoto wake wananitazama mimi. Nikajiambia, labda sala yangu imejibiwa. Lakini Mungu hajibu sala ya mtu kwa kumnyang'anya mjane.

Leo kanisani, padri aliposema tupeane amani, nilimnyooshea wifi mkono. Akaupita, akamshika mtu wa nyuma yangu.

Sikukomunika. Ningeupokeaje mwili wa Bwana?

Mchana nimempigia Deo, nikamwambia yote, nikamwomba amwachie Mama Neema karakana. Halafu akasema, "Kwa hiyo mama, mimi nibaki na miwa yangu?"

Kisha akajijibu mwenyewe: "Sawa. Waambie wazee sichukui."

Nimempigia mjomba kumpa habari; amefoka, eti nimeuvua nguo ukoo mzima. "Ukilia njaa, usipande huku!" Nikamwambia shikamoo, nikakata simu. Kisha nimelia mpaka kanga imelowa. Namlilia kaka, namlilia na huyu mtoto wangu ambaye leo nimemnyima kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wifi hapokei simu zangu. Nasikia ameanza kufungasha vyombo.

Neema mwanangu, najua huwa unasoma hapa. Mwambie mama yako aache kufungasha, karakana ni yake. Mimi shangazi yako sitaki shukrani. Nataka nisikie sauti yake, hata kama ni ya kunitukana.

Tafadhali mwanangu, nijibu mapema.