Hatua Tisa

Jumamosi jioni

Nimechoka na picha za hoteli. Siku ya tatu hii nahangaika mtandaoni kutafuta pa kulala Morogoro, mimi na baba, tukienda kwenye harusi ya mdogo wangu. Leo nikaipata: nusu bei, chai ya asubuhi bure, vyumba vinang'aa. Nikamsomea baba mpaka sifa zilizoandikwa na wageni.

"Piga simu," akasema. "Picha mimi nitazionea wapi?"

Baba haoni tangu ujana. Na tangu mama afariki hajalala nje ya nyumba hii. Naogopa dakika ya mwisho atasema nenda mwenyewe.

Nikapiga, nikaweka spika. Mtu wa mapokezi ilibidi apaze sauti, maana muziki wa baa ulikuwa unamfunika. Saa tisa mchana! Baba akatikisa kichwa.

Ya pili haina punguzo lolote na picha zake zina giza. Nikapiga, baba akasema haloo mwenyewe, na dada aliyepokea simu akamwamkia.

"Marahaba. Kutoka kitandani mpaka chooni ni hatua ngapi?"

Nikaona aibu. Nikajua yule dada atacheka.

"Subiri mzee, nikuhesabie."

Tukasikia mlango, kisha viatu vyake kwenye vigae.

"Tisa, mzee. Ila ya mwisho ina kizingiti, uinue mguu."

"Lipia hiyo," baba akaniambia.

Kisha akainuka kwenye kochi, akaanza kutembea sebuleni, taratibu, akihesabu. Ya tisa, akainua mguu.