Wimbo wa Severina Niliuita Mbovu kwa Wivu

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie maana wivu umenifikisha pabaya. Nina mgahawa hapa Shelui, malori yanapopaki, na watu wamenijua kwa chapati na kwa nyimbo mpya, si zile za mastaa zinazopigwa kila redio bali za vijana wasio na lebo wanaojirekodia wenyewe, nazitafuta mtandaoni, nikipata mzuri naupiga mgahawani na kuutupia kwenye grupu letu la WhatsApp, madereva wanaondoka nao mpaka Mwanza, na mimi najisikia mtu.

Kisha kaka yangu Naftali akaoa Amne. Nilimpenda wifi yangu, nikamwingiza kwenye grupu, nikamfundisha pa kutafuta, kumbe ana sikio kunizidi, akitupia wimbo yeye watu wanashangilia, nikitupia mimi kimya, na siku dereva mmoja, anakula chapati yangu, aliponiuliza, "Dada, leo Amne katuletea wimbo gani?" nilitamani kumnyang'anya sahani.

Mwezi uliopita binti wa Misigiri anayeitwa Severina, anaimba Kinyiramba na Kiswahili, alitoa wimbo wake wa kwanza akanitumia. "Dada Klara, naomba uwasikilizishe watu." Niliusikiliza nikalia, mzuri mno. Nafuta machozi, Amne huyo anaingia.

"Wifi, nasikia Severina ametoa wimbo. Ukoje?"

Nikaona kabisa atakavyoutupia yeye na sifa zote zimwendee yeye. Nikamjibu, "Mbovu. Usijisumbue hata kuusikiliza."

Akaniamini. Watu walipouliza kwenye grupu akaandika kuwa wimbo ule haufai, Severina, naye yumo humo, akasoma, akaufuta mtandaoni, na sasa hata kwaya ya kanisani amekataa kuimba. Mama yake alifunga safari akaja kumfokea Amne mbele ya wateja wangu: "Mwanangu alikukosea nini?" Nilikuwa pale nimeshika upawa. Amne alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mama."

Hakunitaja. Mshauri, hapo ndipo wivu ulipozidi, maana hata kwa wema amenishinda. Nikisema ukweli, kaka atanionaje? Nikinyamaza, si yatakwisha yenyewe?

Klara, Shelui

Klara, hayaishi yenyewe. Yanamwangukia mtu mwingine, na tayari yamemwangukia Amne.

Nakuelewa. Kuulizwa habari za mwenzako ukiwa jikoni kwako kunauma, na asiyewahi kusahauliwa asikucheke. Lakini wivu ni wako, wimbo si wako. Mtoto wa watu alikuamini, ukamzika akiwa hai ili tu wifi yako asipigiwe makofi. Halafu unaniambia unamwonea wivu kwa kusimangwa badala yako! Kama unautaka wema wake, nani amekuzuia?

Leo hii mfuate Amne, si kwa simu. Usianze na "unajua wifi, siku ile nilikuwa na mawazo". Sema, "Nilikudanganya. Wimbo ulikuwa mzuri, nilikuonea wivu." Akikufokea, sikiliza. Kaka yako naye mwambie mwenyewe kabla hajayasikia kwa watu. Atakasirika, na ana haki.

Kisha nenda Misigiri peke yako, usimtangulize Amne akusafishie njia. Usibebe zawadi. Mwamkie yule mama shikamoo, na kabla hujakaa mwambie aliyeuita wimbo wa mwanawe mbovu ni wewe. Severina mwambie ulilia ulipousikia. Hilo hakuna aliyemwambia mpaka leo. Asipotaka kuurudisha, usimsukume, umeshamsukuma vya kutosha.

Akitaka, andika kwenye grupu ulichofanya, wote wasome. Halafu mwache Amne ndiye autupie. Watu watamshangilia, wewe upo hapo hapo. Itakuuma. Piga makofi na wewe.