Bibi, Tulimpandisha Gwandu

Basi ndiyo, Bibi, meno yake ni mazuri, na yote ni yake. Uliniuliza siku zile za mwisho, nikacheka nisikujibu kwa sababu Mama alikuwa karibu anakupozea uji. Sasa naweza kukuambia bila aibu: Elisante, yule fundi seremala uliyemwona mara moja tu kupitia mlangoni, amebeba mbao za madawati ya shule, ni mume wangu. Wiki ya tano leo! Asubuhi akienda kazini ananipungia mkono mpaka kwenye kona, halafu anarudi mbio kusema amesahau penseli. Penseli iko sikioni kwake, Bibi. Kila siku iko sikioni.

Kiti chako cha miguu mitatu ninacho hapa Karatu. Ameukaza ule mguu uliokuwa ukikuyumbisha. Nilipokikalia mara ya kwanza kikatulia kimya, nikalia, maana nilizoea kukusikia ukikigombeza.

Harusi hii ni kazi yako, na hukuiona. Ngoja nikueleze.

Ulipoondoka, mchungaji alitaka barua ya balozi wa nyumba kumi, ya kuthibitisha kwamba Elisante hana mke alikotoka. Na balozi wetu ni nani? Mzee Gwandu yule yule, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji kizima. Akagoma. "Mtu wa Kilimanjaro huyu, nani anajua ameacha nini kwao? Binti, vijana wa hapa Kansay wameisha?" Tulikwenda mara nne. Mara ya nne alituacha tumesimama uani, akaenda kunywesha ndama.

Bila barua, hakuna harusi. Nikalia sana, halafu nikakukumbuka. Siku ile ya kura ya mbunge, mgombea mmoja ana alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, njia nzima watu waliimba jembe, nawe ukaimba kuliko wote. Tulipofika nyumbani ukaninong'oneza: "Nimechagua nyumba. Kule ndani kuna pazia, nani ataniona?" Nikakuuliza, na Gwandu je, mbona ubalozi mnampa kila mara na kila siku mnamlalamikia? Ukasema: "Kwa balozi tunapanga mstari nyuma ya mtu, na Gwandu ana macho. Huyo hashushwi, mjukuu wangu. Huyo siku moja tutampandisha."

Na siku yenyewe ikaja, Bibi! Kijiji kilitakiwa kuchagua mwakilishi wa kwenda vikao vya wilaya huko Mbulu, na mwenyekiti akatangaza kwamba atakayepata hatabaki balozi. Nilimnong'oneza jirani yetu Mama Lohay neno lako lile la kumpandisha, yeye akanong'ona kisimani, na kutoka kisimani sikuhitaji kusema tena.

Siku ya mkutano pale shuleni wagombea walikuwa wawili: Gwandu na Mwalimu Bura, yule mpole. Nyuma ya Bura walisimama watu sita. Nyuma ya Gwandu mstari ulizunguka darasa ukafika kwenye mti wa kengele! Mke wake mwenyewe alikuwa mbele yangu. Akaniminya mkono: "Piga vigelegele, mwanangu, na mimi nipumzike." Nikapiga mpaka koo likakauka. Gwandu alifura kwa furaha, akavua kofia kutusalimu.

Lakini nilikuwa nimefanya kosa. Sote tulinong'onezana, hakuna aliyekumbuka kumnong'oneza mgeni. Mmoja wa wale sita alikuwa Elisante wangu. Alinitazama kutoka mstari ule... Bibi, macho yale sitayasahau. Jioni hiyo hiyo alifunga randa na msumeno wake akashika njia ya Karatu kwa miguu.

Siku ya tatu nilimfuata. Nikamkuta kwenye rundo la mbao, misumari mdomoni, hataki kuniangalia. "Ulimpigia vigelegele mtu aliyenikataa mbele yako," akasema. Nikamweleza yote, naruka maneno, naanza upya. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo mstari wote ule ulikuwa unamfukuza?" Akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni, akanishika mikono yangu miwili. Hapo ndipo nilipoolewa hasa, Bibi. Kanisani tulikwenda kuwaambia wengine.

Wiki iliyofuata Mama Lohay akawa balozi bila mpinzani. Barua akaiandika kwenye karatasi ya daftari, mistari minne. Niliisoma njia nzima kabla ya kumpa mchungaji. Mwalimu Bura nilimwendea kumwomba radhi, akaniambia alijua tangu mwanzo. "Ningeshinda ningekuwa kila siku Mbulu. Na hesabu za darasa la saba angefundisha Gwandu?"

Sasa sikia jambo ambalo hata wewe hukulitegemea. Gwandu anafaa kule! Sauti ile iliyotuchosha sisi imewachosha wao zaidi. Alilipigia kelele korongo letu la njia ya Karatu kila kikao, mpaka wakaleta watu wa kujenga daraja. Alikuja hata harusini, akala sahani mbili, akamwambia Elisante mbele ya watu, "Mkwe wetu, nilikosea." Akigombea tena nitasimama nyuma yake, na safari hii sitanong'ona na mtu.

Kila kitu ni kizuri, Bibi, ila nikipata la kukuchekesha bado nageuka kukutafuta.

Elisante amekuchongea msalaba wa mwerezi, na jina lako amelichonga mwenyewe, usiku na mchana analipitishia kidole kuona kama limelainika. Ni mzito, hatuwezi kuuvusha korongoni kwa mabega. Lakini Gwandu ametuma habari: mbao za mwisho za daraja zinapigwa juma hili, na lori la mahindi litapita. Tutapanda lori hilo. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Kansay, utuone vizuri, umkague meno mwenyewe. Tutapanga mstari nyuma yako, mimi na mume wetu, mstari wa watu wawili, na hapo hakuna atakayenong'ona.

Mke mwenzio,
Paulina