Kizazi cha Mama na Maswali ya Bibi

Ijumaa, 23 Mei 2014. Tunduma.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi unaobeba vumbi la malori na kulileta mpaka kwenye vikombe vya chai. Mvua zimekwisha. Nimevaa sweta la shule ingawa leo sikwenda shule. Niliomba ruhusa nimsindikize mama hospitali. Sasa ni jioni na nimekaa kwenye kompyuta ya mama mdogo, dukani kwake anapochapishia watu kazi zao. Akija mteja nitampisha.

Mama ameniruhusu kuandika haya, mradi nisitaje jina lake.

Mama anatokwa na damu nyingi sana akiwa kwenye siku zake. Anauza vitenge karibu na mpaka, na tangu mwaka jana amekuwa akikaa juu ya robota kutwa, akiwaomba wateja wajishushie wenyewe kitambaa wanachokitaka. Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, humwita mama kwa lugha yao na kumtania: "Bamayo, leo tena umekuwa malkia? Hushuki kitini?" Naye hucheka. Hawajui kwamba anaogopa kusimama. Kibanda chote kina rangi za machungwa na kijani, na yeye amejifunga vitenge viwili vyeusi, kimoja juu ya kingine.

Kwetu mama hazungumzi na binti yake mambo hayo. Anayezungumza ni bibi. Bibi yetu ni mama yake baba, alikuja kutoka Ihanda kukaa nasi, ananiita mke mwenzangu na hakuna swali langu analoliogopa. Lakini mama hawezi kumweleza mama mkwe wake habari za mwili wake uso kwa uso. Kati ya aibu mbili, ameona ya kuniambia mimi ni nyepesi. Basi ananinong'oneza jikoni, nami napeleka sebuleni kwa Kinyiha, kisha narudi na jibu.

Tulifanya kosa moja kubwa, sote. Bibi alisema mtu anayetokwa na damu nyingi ni kwamba damu imemzidi, inatafuta mlango. Kwa hiyo mama asile vinavyoongeza damu. Mchicha ukakatazwa, maharage na nyama pia, akabaki na uji mweupe na viazi. Hata mimi niliona hoja hiyo ina akili. Ndoo ikijaa si inamwagika?

Mwezi wa tatu daktari alimpima akakuta damu imeshuka mno, hawezi kupasuliwa mpaka ipande. Nilipomfikishia bibi habari hiyo hakubisha. Alikwenda buchani, akarudi na maini.

Leo damu imepanda vya kutosha.

Daktari ni mwanamke mwenye sauti ndogo. Alituonyesha kwenye picha uvimbe ulio ndani ya kizazi, si mmoja. Dawa zimeshajaribiwa na hazikusaidia sana, kwa hiyo zimebaki njia mbili za upasuaji. Anaweza kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, lakini kwa jinsi ulivyo mwingi unaweza kuota tena. Au atoe kizazi chote. Hapo damu haitatoka tena, wala mtoto hatapatikana tena. Ovari ataziacha ziendelee na kazi yake. Alisema pia hatari zake bila kuficha: kupoteza damu, kidonda kuingia wadudu, dawa ya usingizi. Upasuaji ni Jumatano. Mama apeleke jibu Jumatatu, na ndugu waende kuchangia damu.

Mimi sijafikisha umri wa kuchangia. Nilikuwa na swali tu.

"Kama ovari zinabaki na kizazi hakipo, yai litakwenda wapi?"

Daktari aliacha kuandika. "Upo kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Yai ni dogo kuliko chembe ya chumvi. Mwili utalinyonya wenyewe."

Njia nzima nilikuwa nalifikiria yai hilo, linatoka kila mwezi na kukuta njia imefungwa, halina kelele.

Tulipofika nyumbani mama aliingia jikoni na mimi nikaanza kazi yangu. Bibi alisikiliza yote.

"Mwulize, wakikitoa, pale panabaki nini? Upepo?"

Hilo nilikuwa nimeshamwuliza daktari. "Utumbo unasogea, bibi. Unajaza nafasi."

"Utumbo wa nani huo wenye adabu hivyo?"

Nilisikia mama akicheka nyuma ya pazia. Kisha bibi akauliza kwa sauti nyingine:

"Na mtoto wa kiume?"

Nyumbani tuko wasichana wawili. Baba alishamwambia mama kwamba atakubali lolote atakaloamua, ila hajawahi kulisema mbele ya mama yake. Nilisimama mlangoni. Swali lile sikutaka kulibeba.

Sikulibeba. Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na maji, akapiga magoti mbele ya bibi na kuinamisha macho. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema naye jambo kama hilo.

"Mama, nimechoka. Nimekupa wajukuu wawili. Nataka wakitoe chote."

Bibi aliokota uzi kwenye mkeka, akauviringisha.

"Baada ya hapo hutatokwa tena?"

"Sitatokwa."

"Hata mwezi mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Mimi nilingoja mpaka uzee ndipo nikaupata uhuru huo," alisema bibi.

Baba aliporudi, bibi alimpangia kabla hajavua koti. Yeye na mdogo wake wakachangie damu. "Na wodini nitakaa mimi. Nitamwogesha mwenyewe. Huyu mke mwenzangu aende shule." Baba aliangalia chini, akaitikia. Mama mkwe kumwogesha mkwe wake! Sijui kama imewahi kutokea kwenye ukoo wetu. Nitauliza.

Ninaogopa Jumatano. Lakini pia nina hamu ya kujua mambo mengi: kidonda kinashonwaje, atalala muda gani, atakapoamka atajisikia mtu yuleyule?

Kwa miezi mingi nimebeba maneno ya mama kuyapeleka kwa bibi, na ya bibi kuyaleta kwa mama. Ya kwangu sijawahi kuyapeleka popote. Nikirudi nyumbani sasa hivi nitamkuta mama anachambua mchele. Je, naweza kukaa karibu naye nikamwuliza mwenyewe kama anaogopa?

Nadhani naweza. Mteja amekuja, nampisha.