Nilivinyoosha Vidole vya Mama

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na haya usoni, naomba unistahimili. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nafanya kazi mapokezi kwenye zahanati, na mwaka mzima sasa najifunza kuchora kwenye simu kwa kidole, tena nimejiunga na kundi la wachoraji mtandaoni ambako ukiweka picha unaandika “nisahihisheni” na wenzako wanakukosoa bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi nikamchora mama, ni fundi cherehani, ameketi mezani kwake anakata kitambaa, nikaiweka na neno lilelile, na chai yangu haijapoa mchoraji mmoja tunayemwita Profesa, mtu wa heshima sana pale, akapitisha mistari myekundu juu ya picha yangu, akaandika: “Uso umeupatia, dada. Mkono wa kulia hapana. Vidole viwili vimejikunja ovyo, jifunze kwanza mifupa.” Wengine wakamuunga mkono. Mshauri, vidole vya mama ndivyo vilivyo, viliungua kwa pasi nikiwa darasa la nne na havijanyooka mpaka leo, lakini sijui nilipatwa na nini, nikaona vibaya kubishana na mkubwa, nikajibu “asante, mwalimu”, nikavinyoosha, nikaunganisha tabaka zote za mchoro, zile ambazo simu huziweka mbalimbali ili uweze kurudia ya zamani, zikawa moja, nikahifadhi, mkono wa kwanza ukapotea moja kwa moja. Pongezi zikamiminika. Nikamwonyesha mama nikidhani atafurahi, akaikuza picha pale penye mkono, akaitazama weee, akasema, “Umenipendezesha, mwanangu. Na huu mkono wa nani?” Tangu siku hiyo mteja akiingia mama anautia mkono mfukoni mwa koti lake la kazi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, nami roho inaniuma. Niifute picha? Niache kuchora?

Binti wa Mapokezi

Binti, pole, na usiache kuchora. Kosa ni la mdomo wako, kidole chako usikisingizie.

Profesa simlaumu. Aliona vidole vilivyojikunja, wala hakuambiwa kwamba mwenye mkono ndivyo alivyo. Wewe uliyelishwa na mkono huo ndiye uliyejua, ukanyamaza ili uonekane mwanafunzi msikivu. “Ndivyo vilivyo” ni maneno mawili tu, yangekutosha. Usiniambie ilikuwa heshima. Uliogopa.

Hilo “nisahihisheni” lenu ni kama kumkabidhi mtu mkasi bila kumwambia akate wapi. Siku nyingine sema unataka usaidiwe nini: mwanga, rangi, mkunjo wa kitambaa. Na kundi uliandikie ukweli. Profesa hatakufa, na huenda naye akajifunza kuuliza.

Picha iondoe leo. Mkono uliopotea kwenye simu usiulilie, wenyewe unao nyumbani. Ila kabla hujaanza kuchora upya, mwendee mama umwombe radhi kwa mdomo, usimtumie ujumbe. Mwambie uliwaogopa watu usiowajua. Kusema kutakuuma, lakini sasa hivi mama anaamini kwamba ulimwonea haya yeye.

Kisha muulize kama anataka mkono wake uonekane na watu. Akikataa, mchore mpaka mabegani na ushukuru. Swali hilo hukumuuliza ulipouchora ulivyo, wala ulipounyoosha.